Sura ya Tatu: Mafungu Manne Sawa

Chukua albamu yoyote ambayo bendi ya R.E.M. ya Marekani ilitoa kati ya mwaka 1983 na 1996, kisha tazama watunzi wa nyimbo zao. Karibu kila mahali utakutana na majina yaleyale manne, kwa mpangilio wa alfabeti: Berry, Buck, Mills, Stipe. Huwezi kujua nani alikuja mazoezini na wimbo ukiwa nusu tayari, nani aliongeza mstari mmoja tu wa besi, wala nani siku hiyo hakuwa na wazo lolote. Wote wanne wameandikwa watunzi, na mapato ya utunzi yakagawanywa mafungu manne yaliyo sawa.

Kwa asiyejua hesabu za muziki, jambo hilo laweza kuonekana dogo. Katika biashara ya muziki, pesa ya kudumu iko kwenye utunzi. Malipo ya onyesho huisha usiku uleule, na pesa ya mauzo ya santuri hukatwa kwanza gharama za studio na za kampuni. Mirabaha ya mtunzi huendelea kuingia kila wimbo unapopigwa redioni, miaka na miaka. Ndiyo maana bendi nyingi zimeanza na vijana wanaokula sahani moja, zikaishia na mtunzi mmoja mwenye nyumba ya fahari na mpiga besi anayedaiwa kodi. Wivu ukishaingia hapo, hakuna mazoezi yatakayoutoa.

Vijana hao wanne walilikubali sharti hilo wakiwa hawana cha kugawana. Pamoja nalo waliweka la pili: kila mmoja ana kura, na kura moja ya "hapana" inatosha kuzuia jambo lolote. Ninaamini masharti hayo mawili yanaeleza safari ya R.E.M. kuliko kipaji cha yeyote kati yao, ingawa vipaji walikuwa navyo. Sura hii inafuata miaka minane ya mwanzo, kuanzia sherehe ya kuzaliwa ndani ya kanisa chakavu hadi mkataba wa mamilioni ya dola.

Mji wa wanafunzi

Athens ni mji wa jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka Atlanta. Uhai wake unategemea Chuo Kikuu cha Georgia, kilichoanzishwa mwaka 1785. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kodi za nyumba zilikuwa nafuu, vijana walikuwa wengi, na idara ya sanaa ya chuo ilikuwa imejaa watu waliopenda kujaribu mambo. Kilichokosekana ni kumbi za muziki mpya, kwa hiyo watu walipiga muziki majumbani kwao.

Wa kwanza kutoka hapo wakajulikana ni The B-52's, waliopiga onyesho lao la kwanza katika sherehe ya nyumbani mwezi Februari 1977. Baada yao, mwaka 1979, ikazaliwa Pylon, bendi ya wanafunzi wa sanaa walioshika vyombo bila kusubiri kuwa mafundi. Mpiga dramu wao, Curtis Crowe, ndiye aliyeanzisha ukumbi wa 40 Watt, ambao jina lake lingekuja kujulikana na wapenzi wa muziki nchi nzima. Bendi hizo mbili ziliwafundisha vijana wa mji huo kwamba unaweza kuanza na ulicho nacho, mbele ya marafiki zako, na usimwige mtu wa New York wala London. The B-52's walihamia New York. R.E.M. wangebaki Athens, na kubaki huko kungekuwa na maana kubwa.

Kwenye duka la santuri

Peter Buck alizaliwa California mwaka 1956, akaacha masomo katika Chuo Kikuu cha Emory, akaishia kuuza santuri katika duka la Wuxtry mjini Athens. Kazi hiyo ilimfaa kuliko shule: alisikiliza kila kilichoingia dukani na kuweka pembeni vilivyo bora kwa ajili yake mwenyewe. Akaanza kugundua kijana mmoja mkimya, mwanafunzi wa sanaa, ambaye kila akija alichagua zilezile alizotaka kuzificha.

Kijana huyo alikuwa Michael Stipe, aliyezaliwa mwaka 1960 Decatur, Georgia. Baba yake alikuwa mwanajeshi, hivyo utotoni alihama mara nyingi, akaishi hadi Ujerumani. Mwaka 1975, akiwa na miaka 15, alisikia albamu ya Patti Smith iitwayo Horses, akajua anachotaka kufanya maishani. Yeye na Buck waligundua kwamba wanapenda mambo yaleyale: Patti Smith, Television, Velvet Underground. Wakaanza kufikiria kuunda bendi, ingawa Buck wakati huo alikuwa bado anajikongoja kwenye gitaa.

Nusu ya pili ilitoka mji wa Macon, katika jimbo hilohilo. Mike Mills na Bill Berry walisoma sekondari moja na mwanzoni hawakuivana kabisa: Mills alikuwa mwanafunzi wa vitabu na adabu, Berry mtundu. Muziki ukawakutanisha, Mills kwenye besi na Berry kwenye dramu, wakawa marafiki wa kudumu. Walikuwa tayari wamezoea kupiga pamoja walipofika Athens kusoma. Berry alileta na jambo jingine. Huko Macon aliwahi kufanya kazi ndogondogo katika kampuni ya kutafutia wanamuziki maonyesho, na hapo akafahamiana na wakala aitwaye Ian Copeland. Ndugu zake Copeland walikuwa Stewart, mpiga dramu wa The Police, na Miles, mwenye lebo ya I.R.S. Urafiki huo ungekuja kuwafaa wote wanne.

Buck na Stipe walikuwa wakiishi katika jengo la kanisa la zamani la Mtakatifu Maria, mtaa wa Oconee, lililokuwa limegeuzwa vyumba vya kupanga. Sehemu ya nyuma ilikuwa wazi, na humo ndimo walimofanyia mazoezi. Tarehe 5 Aprili 1980, rafiki yao alipofanya sherehe ya kuzaliwa ndani ya jengo hilo, walipiga kwa mara ya kwanza mbele ya watu: nyimbo nyingi za wengine na chache za kwao, ukumbi umejaa, bia inamwagika sakafuni. Jina hawakuwa nalo bado. Siku chache baadaye Stipe alifungua kamusi ovyo, akaweka kidole kwenye herufi tatu, na mjadala wa jina ukaisha.

Gari la buluu

Ndani ya muda mfupi wote wanne waliacha chuo. Katika moja ya safari zao za kwanza nje ya Georgia, walikwenda kupiga North Carolina, na huko aliwasikia meneja wa duka la santuri aitwaye Jefferson Holt. Alivutiwa kiasi cha kuhamia Athens na kuwa meneja wao. Akaja pia Bertis Downs, mwanafunzi wa sheria, aliyeanza kuwasaidia kwenye mikataba na kuwa wakili wao kwa maisha yote ya bendi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, R.E.M. walikuwa na daftari kabla ya kuwa na mali.

Mwaka 1980 na 1981 hapakuwa na njia iliyokwisha kutengenezwa kwa bendi za aina yao. Kampuni kubwa hazikuwataka, redio za biashara hazikuwajua, na miji mingi ya Kusini haikuwa na ukumbi unaoalika bendi zenye nyimbo zake zenyewe. Wakazunguka hivyohivyo, katika gari chakavu la buluu lililoendeshwa na Holt, kila mmoja akipewa dola mbili za chakula kwa siku. Walipiga kwenye vilabu, kwenye baa, popote palipowakubali. Mara nyingi waliondoka na pesa ya mafuta tu.

Umasikini huo ulikuwa na faida ambayo studio haiwezi kumpa mtu. Bendi inayopiga usiku baada ya usiku mbele ya watu wasioijua hulazimika kujifunza nini kinashika na nini kinapwaya. Buck alikuwa na gitaa la Rickenbacker, na kwa kuwa hakuwa fundi wa solo, alijenga mtindo wa kudonoa nyuzi moja moja, sauti zikimeremeta na kufuatana badala ya kuzikwangua zote kwa mpigo. Mills, aliyekuwa na elimu ya muziki kuliko wenzake, hakukubali besi yake ikae chini ikitunza mdundo tu; aliifanya iimbe, kisha naye akaitikia kwa sauti ya juu nyuma ya Stipe. Berry alipiga dramu bila madoido, akijua wimbo unahitaji nini. Stipe aliimba maneno yakiwa yamezama ndani ya muziki, mengine hayashikiki kabisa, na sauti yake ikawa chombo cha tano. Hakuna aliyekuwa mbele ya mwenzake. Ule mgawo wa mafungu manne ulikuwa ukisikika.

Mwezi Aprili 1981 walikwenda Winston-Salem, North Carolina, kwa Mitch Easter, mwanamuziki aliyekuwa amegeuza gereji ya nyumba ya wazazi wake kuwa studio. Humo walirekodi nyimbo mbili, "Radio Free Europe" na "Sitting Still". Zilitoka Julai mwaka huo kwenye santuri ndogo ya Hib-Tone, lebo ya mwanafunzi mmoja wa sheria wa Atlanta. Zilichapishwa nakala 1,000, na 600 kati ya hizo zikagawiwa bure kwa vyombo vya habari na watu wa muziki. Nakala hizo za kwanza hazikuwa hata na anwani ya lebo. Bado watu waliitafuta, ikabidi zichapishwe nyingine 6,000, na gazeti la New York Times likaiweka miongoni mwa nyimbo kumi bora za mwaka. Bendi isiyo na mkataba, kutoka mji mdogo wa Kusini, ilikuwa imewafikia wahakiki wa New York kwa wimbo uliorekodiwa gerejini.

"Hapana" ya studio

Mei 1982 walisaini na I.R.S. RCA, kampuni kubwa zaidi, nayo ilikuwa imewataka. Wao wakachagua lebo ndogo ambayo ingewaachia nafasi. Agosti ikatoka Chronic Town, santuri ya nyimbo tano waliyokuwa wameirekodi na Easter. Ilipofika zamu ya albamu kamili, I.R.S. ilitaka prodyuza mwenye uzoefu zaidi wa sauti za kisasa, ikawapeleka kwa Stephen Hague mwezi Desemba 1982.

Hague alitafuta ukamilifu wa kiufundi. Berry alirudia kupiga wimbo uleule mara nyingi mno, na mwishowe prodyuza akauongezea sauti za kinanda cha umeme bila bendi kumtaka. Kwa desturi za mwaka ule kosa halikuwepo: redio zilikuwa zimejaa vinanda vya umeme na dramu za mashine. Ila wanne hao hawakuutambua wimbo wao. Wakaiomba lebo iwaache warudi kwa Easter. I.R.S. ikakubali kwa majaribio, ikasikiliza kilichotoka, ikaridhika.

Mwanzoni mwa 1983 waliingia studio ya Reflection mjini Charlotte, Easter akisaidiana na Don Dixon. Masharti ya bendi yalikuwa wazi: hakuna solo za gitaa za kujionyesha, hakuna vinanda vya kufuata mtindo, hakuna ujanja ambao baada ya miaka mitano ungewataja umri. Murmur ilitoka Aprili 1983, jalada lake likiwa na picha ya kudzu, mmea unaotambaa na kufunika miti, nguzo na nyumba kote Kusini mwa Marekani. Maneno ya nyimbo hayakuchapishwa ndani yake, na yasingechapishwa yote kwenye albamu yoyote ya R.E.M. hadi mwaka 1998.

Albamu hiyo ilifika nafasi ya 36 katika chati ya Billboard, na hadi mwisho wa mwaka ilikuwa imeuza nakala 200,000 hivi. Kwa mwaka wa Thriller ya Michael Jackson, hesabu hiyo ni tone baharini. Lakini wahakiki wa jarida la Rolling Stone walipopiga kura ya albamu bora ya 1983, waliichagua Murmur, mbele ya Thriller, mbele ya War ya U2, mbele ya Synchronicity ya The Police. Walichokisikia ni muziki ambao haukuwa ukimbembeleza mtu. Uliachia nafasi, na msikilizaji akaingia mwenyewe.

Upande wa kushoto wa redio

Watu walizipataje nyimbo hizo? Nchini Marekani, mwanzo wa masafa ya FM, kati ya 88 na 92, umetengewa vituo visivyo vya biashara, na vingi kati ya hivyo ni vya vyuo vikuu. Vituo vya biashara viliongozwa na orodha fupi za nyimbo zilizokwisha kushinda. Kwenye kituo cha chuo, mwanafunzi wa miaka 20 alipiga anachokipenda usiku kucha bila kumuogopa mtangazaji wa biashara. R.E.M. walipotembelea mji, walikwenda kituoni, wakaongea na wanafunzi, wakapiga muziki usiku, wakarudi tena baada ya miezi michache. Mji kwa mji, kituo kwa kituo, hadhira ikajengeka bila matangazo. Njia hiyo haikuwa ya kwao peke yao. Black Flag wa California na Hüsker Dü wa Minnesota nao walikuwa wakiifyeka kwa magari yao. Mwishoni mwa muongo huo ilikuwa barabara pana ambayo bendi kama Nirvana zilipita, na muziki uliosafiri humo ukaitwa roki mbadala.

Njia ya mkato nayo ilijitokeza. Mwaka 1983 R.E.M. walialikwa kuwatangulia The Police kwenye maonyesho kadhaa, likiwemo la uwanja wa Shea, New York, mwezi Agosti, mbele ya makumi ya maelfu ya watu. Bendi nyingine zingeomba ziara iendelee. Wao waligundua kwamba umati uliokuja kumsubiri mwingine hauna haja nao, na kwamba muziki wao unapotea kwenye uwanja wa michezo. Wakarudi kwenye kumbi ndogo walizozijaza wenyewe.

Oktoba mwaka huohuo walitokea kwenye televisheni ya taifa kwa mara ya kwanza, katika kipindi cha David Letterman. Badala ya kurudia tu nyimbo za albamu iliyokuwa ikiuzwa, walipiga "Radio Free Europe" kisha wimbo mpya kabisa, usio na jina bado. Ukaja kuitwa "So. Central Rain". Ulipofika wakati wa kuutengenezea video, Stipe alikataa kufumbua mdomo kufuatisha sauti iliyorekodiwa, kama ilivyokuwa desturi. Akaimba upya, papo hapo, mbele ya kamera.

Baridi ya London

Kanuni hujulikana thamani yake siku ya shida. Reckoning, albamu ya pili, ilirekodiwa mjini Charlotte ndani ya wiki mbili hivi, ikatoka Aprili 1984 na kupanda hadi nafasi ya 27. Kwa ya tatu, Fables of the Reconstruction, walitaka mabadiliko, wakaenda London kwa Joe Boyd, prodyuza aliyejulikana kwa kazi zake na wanamuziki wa kiasili wa Uingereza. Ilikuwa majira ya baridi, mwanzo wa 1985. Walikuwa wamechoka na ziara za mfululizo, chakula kiliwachosha, mvua haikukatika. Nyimbo zilikuwa za hadithi za Kusini, za wazee wa ajabu na njia za reli, nao walizirekodi mbali na kwao, wakiwa na huzuni. Bendi ikakaribia kuvunjika.

Haikuvunjika, na sababu mojawapo iko wazi kwa anayetazama daftari. Hakuna aliyekuwa anamfanyia kazi mwenzake. Hapakuwa na mtunzi mkuu wa kulaumiwa, wala aliyeonewa wa kulipiza. Wanne hao walirudi Athens, mji ambao hawakuuhama, kati ya watu waliowajua kabla ya umaarufu.

Mwaka uliofuata walikwenda kwa Don Gehman, prodyuza wa John Mellencamp, aliyemtaka Stipe aimbe maneno yasikike. Safari hii wanne wote walisema ndiyo. Wakati ulikuwa umefika, na wazo halikuwa la kufuata mtindo: Stipe sasa alikuwa na mambo ya kusema kuhusu mazingira na siasa za nchi yake. Lifes Rich Pageant ikawa albamu yao ya kwanza kupata cheti cha dhahabu, yaani nakala 500,000 nchini Marekani. Document ya 1987, waliyoanza nayo kazi na prodyuza Scott Litt, ikavuka milioni, na wimbo wake "The One I Love" ukafika nafasi ya tisa. Desemba mwaka huo Rolling Stone liliwaweka kwenye jalada na kuwaita bendi bora ya roki Marekani.

Bei ya uhuru

Mkataba wa I.R.S. ulipokwisha, R.E.M. waliondoka, hasa kwa kuwa santuri zao hazikusambazwa vya kutosha nje ya Marekani. Kampuni kubwa zilipanga foleni. Mwaka 1988 wakasaini na Warner Bros., kwa kiasi kilichotajwa kuwa kati ya dola milioni 6 na 12. Zilikuwepo kampuni zilizotoa ofa kubwa zaidi. Warner walishinda kwa kuwahakikishia uhuru kamili wa kuamua muziki wao.

Wapo waliosema wakati ule kwamba bendi ya vyuoni imejiuza. Nadhani walikosea, na miaka minane iliyotangulia inaonyesha kwa nini. RCA waliwakosa mwaka 1982, Hague akawakosa mwaka uleule, viwanja vya The Police vikawakosa mwaka 1983, na kila mara kigezo kilikuwa kimoja: nani ataamua? Mwaka 1988 swali halikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba sasa walikuwa na nguvu ya kulipwa vizuri kwa jibu lilelile.

Masharti ya mwanzo yalijaribiwa tena Oktoba 1997, Bill Berry alipotaka kupumzika na maisha ya bendi. Zamani walikuwa wamesema mmoja akiondoka bendi inakufa. Berry aliwaambia hataondoka ikiwa kuondoka kwake kutaivunja, na watatu waliobaki wakakubali kuendelea. Walipofunga kazi mwaka 2011, walifunga kwa makubaliano, bila kesi mahakamani, na Juni 2024, walipoingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa Watunzi wa Nyimbo, wote wanne walisimama jukwaani pamoja na kupiga tena.

Kijana anayeunda bendi leo, Athens au kwingineko, ataulizwa kuhusu sauti yake, mavazi yake na wafuasi wake mtandaoni. Kabla ya yote hayo, akae na wenzake waandike nani atapata nini na nani anaweza kusema hapana. R.E.M. walikubaliana hayo mapema, na mabishano yao yaliyobaki yakawa ya muziki.